Msukumo wa Kwanza

Ukungu ulikuwa bado umelala mtoni Swaumu alipomteremsha mama yake kutoka kwenye dungu, kibanda cha nguzo ndefu ambamo mama alilinda mpunga peke yake msimu mzima, akamkalisha ndani ya mtumbwi.

Kila wiki kwenye simu mama alisema, "Nakula, nalala. Nimenenepa hata kanga hazinitoshi."

Swaumu alichomeka upondo kwenye tope, akasukuma kama alivyosukuma mwaka jana wakirudi nyumbani, wao wawili tu, bila mzigo. Mwaka jana mtumbwi uliguna kwanza, ndipo ukajivuta.

Leo ulichomoka. Upondo nusura umponyoke, na mikoko ikaanza kupita mbio ndani ya ukungu, kimyakimya, kama miti ya ndotoni.

Akatazama viganja vyake. Ni vile vile, na nguvu ni ile ile. Kisha akaitazama kanga ya mama, ilivyomzunguka mara mbili na ncha ikabaki.

"Mashaallah," mama alisema bila kugeuka. "Umekuwa na nguvu, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Safari hii akasukuma kidogo tu, ili mtumbwi uende taratibu, kama mwaka jana.