Nguchiro na Yai la Mara Moja

Nguchiro Machano aliwahi kuokota yai la kanga chini ya mtunguja. Tangu hapo akawa anakipita kichuguu kilichojaa mchwa, anakwenda kuulinda mtunguja huku njaa inamuuma.

"Mume wangu, hapo ulipata mara moja tu," alisema mkewe Kidawa, akitafuna mchwa.

"Lakini lilikuwa yai."

Asubuhi moja akaona kitu cheupe. Akakipa mgongo, akakirusha nyuma kati ya miguu, kama nguchiro wavunjavyo mayai. Kumbe jiwe. Likatoboa kichuguu, kumbikumbi wakamiminika, Machano akala mpaka akalala chali.

Kesho yake akashinda kichuguuni akirusha mawe. Kidawa akacheka, akaenda mtungujani. Kanga alikuwa ametaga, maana mlinzi hayupo. Kidawa akalila yai palepale, mumewe asije akahama tena.