Chujio la Alfajiri

Mkutubi alimimina lile dude kwenye sinki huku ameziba pua. Mayai yaliyooza ndani ya siki pamoja na maganda yake, vitunguu saumu vilivyolegea vikawa vinateleza, na juu yake utando wa kijani. Ptuu! Alitema mate. Mama yake mzazi alikuwa anakunywa uchafu huu asubuhi na jioni, vidonge vya presha amevitupa jalalani. Sasa yuko wodini, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki, na daktari amesema kiharusi kikimrudia tena hatavuka.

"Nani kamtumia hii dawa?" aliwafokea dada yake na mume wa dada. "Semeni!"

Shemeji alikodoa macho. "Mimi natumaga vichekesho tu."

Vichekesho! Simu za ukoo mzima zilikuwa dampo: tiba za ajabu, maiti za barabarani, laana kwa asiyesambaza. Ndiyo maana mkutubi alijitwika kazi ya kuchambua. Kila alfajiri alipekua takataka zote hizo, akachagua mambo mawili matatu ya maana, akamtumia kila mtu katika ujumbe mmoja. Walikuwa wakiuita chujio. Siku ambazo kinyaa kilimzidi, alitia humo na upuuzi mmoja, akiukejeli ili wahusika waone aibu. Huu wa mayai aliusindikiza kwa maneno: "Haya jamani, dawa imepatikana! Tupeni vidonge, madaktari wafunge virago!" Dada alicheka mpaka akapaliwa.

Leo dada alikuwa analia. "Kaka, haki ya Mungu tena, mimi sijamtumia."

"Waongo wakubwa nyie. Mnanitia kichefuchefu."

Akatoka bila kuaga. Hospitalini alivuta kiti hadi ubavuni mwa kitanda, akajituliza. Alitaka jina tu, na mwenye jina hilo asikanyage tena nyumbani kwake.

"Mama, ni nani alikutumia ile dawa ya mayai? Dada? Au huyu shemeji?"

Mama alihangaika na ulimi mzito. "Wale? Nilishawafungia wote kwenye simu, baba. Makelele matupu." Akampapasa shavu kwa mkono uliobaki mzima. "Mimi nasoma za kwako tu."