Dakika Ishirini

Kompyuta ya studio ya picha ilichukua dakika ishirini kuwaka, maana kila asubuhi ilizikagua diski zake zote kwanza. Wakati ikijikagua, Mwanakheri na mumewe Shaweji walikunywa chai na kucheka mpaka mteja wa kwanza abishe hodi.

Siku moja Shaweji alichoka kungoja, akamwita fundi. Fundi akapapasa nyuma ya meza, akachomoa diski kuukuu iliyojaa vumbi.

"Hii imekufa zamani, mama. Mashine inahangaika kuisoma kila ikiwaka. Picha zenu haziko humu."

Akaitia kwenye droo.

Kesho yake, birika halijachemka, kompyuta ilikuwa tayari. Shaweji akazama kwenye picha za harusi. Mwanakheri akabaki na vikombe viwili mkononi.

Asubuhi iliyofuata mashine ikakwama tena. Shaweji akachungulia nyuma ya meza. Diski ilikuwa imerudi mahali pake, imefutwa vumbi ikang'aa.

"Mama Sharifa," alimwambia mkewe, "nimwite fundi?"

"Fundi ana kazi nyingi."

Shaweji akaangua kicheko, akasogeza kiti karibu na birika.

"Tangawizi umetia?"

Kwenye kioo cha kompyuta hesabu ya ukaguzi ilionyesha asilimia moja, na wala haikuwa na haraka.