Halitakuuma Tena

"Aliteleza bafuni," Makame alidakia, kabla mkewe hajamjibu daktari wa meno.

Sikudhani alikuwa ameachama kitini, kinywa kimejaa pamba, hawezi kumkanusha. Bafuni! Ngumi ya Makame mwenyewe ndiyo iliyolivunja jino. Hasira ilimchemka kuliko maumivu.

Daktari alichokonoa mzizi, akautoa mshipa mwembamba kama uzi, kisha akaliziba jino. "Tumeliokoa, dada. Mshipa umetoka, halitakuuma tena."

"Afadhali," Makame akacheka. "Sasa atatulia."

Akamnyooshea mkono ashuke. Sikudhani alitema pamba, akamkazia macho.

"Kuniuma halitaniuma," alisema kwa ulimi mzito wa ganzi. "Lakini kuuma, litauma."

Mkono wa Makame uliganda hewani, vidole vikaanza kujikunja kimoja kimoja. Daktari naye sasa alikuwa akiutazama.