Kwa Mkono Mmoja

"Tena," Mukhwana alisema, akimsukumia Jerono simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Na usitumie mikono miwili."

Jerono alikuwa akitukanwa tangu saa tatu asubuhi. Tovuti hii aliitengeneza mwenyewe, hapa hapa ofisini kwake Kitale, kwa kompyuta kubwa, na hapo ilimetameta kama sahani mpya. Jerono hakuwahi kumwona mwenye biashara. Walimalizana kwa WhatsApp. Leo mzee ametokea Bumula, huko Bungoma, viatu matope matupu, na hata salamu hakuitikia. Alitaka kitu kimoja: mtu akifungua tovuti kwa simu, aguse mara moja tu, apige.

Kwenye simu, picha ya mheshimiwa akikata utepe ilijaza skrini nzima. Chini yake, picha za magari mawili meupe zilijivuta kufunguka. Namba ya kupiga ilikuwa mwisho kabisa, ndogo kama chawa, tena ndani ya picha, haibonyezeki.

"Huyu tumbo anafanya nini hapa juu?"

"Si ni nyinyi mlituma picha, mzee? Mlisema akae mbele."

"Wakubwa kila mahali wanakaa mbele. Toa yeye."

Jerono akamtoa. Akazipunguza picha uzito, akaweka kitufe chekundu juu, kipana kama kidole gumba. Mukhwana akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akakosa.

"Ongeza."

"Bana, mzee, kikizidi hapo kitakuwa kibaya."

"Nani alikuambia nataka urembo? Mtu akitetemeka atabonyeza aje? Nyinyi watu wa ofisi mnafikiria kila mtu amekaa kwa kiti."

"Lakini si una mikono miwili?"

"Ule mwingine uko na kazi ya kushika mtu."

Jerono akauma meno. Biashara ni ya mzee. Akitaka kitufe cha ukubwa wa chapati, apewe. Akaongeza, akahifadhi, akamrudishia simu bila kumtazama.

Mukhwana akagusa mara moja. Simu ikaita. Jerono akashusha pumzi. Sasa angalau mzee atamwondokea.

"Ambulensi hapa, mwenye magari naongea," sauti ya mwanamume ikasema haraka haraka. "Tuko tayari. Mgonjwa yuko wapi?"

"Mama watoto tulimzika Jumamosi," Mukhwana akamjibu.