Jicho la Kinyonga

Zama zile wanyama walipokuwa wakicheza karata, Kiboko alifungua nyumba ya kamari, akamwajiri Kinyonga awanase wanaohesabu karata. Maana karata ndogo zikishatoka hubaki kubwa, na mchezaji anayejua hilo hupandisha dau akamfilisi mwenye nyumba. Kinyonga aliipenda kazi yake mno. Jicho moja alilielekeza kwenye karata, akizihesabu zote kimoyomoyo. La pili likawapekua wachezaji.

Akaja Bi Kanga na vifaranga vyake. Wiki nzima, karata kubwa zikibaki alipandisha dau, zikiisha alilishusha. Wala hakukodolea meza macho. Alipiga soga tu na wanawe.

"Usipomnasa leo, kazi huna," Kiboko alisema.

Kinyonga alimkabili mbele ya wote. "Bi Kanga, wewe unahesabu."

"Mimi, kaka? Hata hawa wanangu sijui ni wangapi."

Kiboko akavitazama vifaranga vilivyotapakaa chini ya meza, akaamini. "Basi dau unalipandishaje?"

"Namtazama kaka Kinyonga. Akiwa wa kijivu, naweka kidogo. Akigeuka kijani kwa wasiwasi, naweka pesa zote."

Kinyonga akajitazama kuanzia mikononi hadi mkiani. Alikuwa ameiva kama pilipili.

Kiboko alicheka mpaka karata zikamwagika. "Na akiwa mwekundu hivi?"

"Wekundu huo sijawahi kuuona," alisema Bi Kanga kwa upole, "lakini umempendeza."