Viatu Mlangoni mwa Kiwanda

Usijifanye hukuona. Taarifa ya habari ya saa saba ilikuwa mbele yako hapa kwa kinyozi, nawe umeinamia hicho kidude cha gemu utadhani kinakunyonyesha.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye kiwanda kinachounda vidude hivyohivyo, anakofanya kazi mdogo wangu.

"Wafanyakazi wote wametoka salama," akasema mtangazaji aliyesimama mlangoni mwa kiwanda.

"Umesikia, dada? Tulia basi," kinyozi akaniambia. "Televisheni imeshasema."

"Ilisema hivyohivyo ghala la magodoro lilipoungua. Tukazika tisa."

Ndipo nikaiona rafu ya viatu nyuma ya mtangazaji. Kule ndani haingii mtu na viatu, wanaogopa vumbi. Kila mmoja huviacha mlangoni. Rafu ilikuwa imejaa pomoni. Kwenye safu ya pili zilikuwa ndara za njano za mdogo wangu, moja imefungwa kwa waya ilipokatika kamba.

"Labda wametoka pekupeku," kinyozi akasema, lakini mkasi wake ulikuwa umesimama.

Nikawakagua watu wote walioonekana kwenye televisheni uani mwa kiwanda, mguu kwa mguu. Hakuna aliyekuwa pekupeku.

Habari yenyewe imeshapita, sasa wanasifia gemu mpya. Mlango wa nyuma wa kiwanda hufungwa kwa kufuli saa za kazi, na kutoka hapa ni dakika tano kwa mbio. Inuka. Shika upande wa pili wa mtaimbo huu wa kinyozi, twende tukauvunje mlango huo.